Pancha njiani Mwanza: dalili, chanzo, na cha kufanya kabla hujashika jeki

Wakuu, tuanze na hili maana ndo linalomaliza watu: pancha haiui, kinachoua ni mahali uliposimama na namna gari ilivyokaa juu ya jeki. Tairi utanunua Igoma au Nyakato, hata ya mtumba, ikiharibika kabisa ni hasara ya hela. Kwa hiyo kila dalili nitakayotaja hapa, kwanza jiulize hapa nilipo niko salama, halafu ndo uguse spana.

Stelingi inavuta upande mmoja

Kama gari inavuta siku zote, hiyo mara nyingi ni alaimenti, mpelekee fundi kwa wakati wako. Ila kama ilikuwa sawa kutoka Nyegezi na umefika Usagara inaanza kuvuta kushoto, tairi ya mbele kushoto inaisha upepo. Stelingi inakuwa nzito kwanza, halafu inavuta, halafu unasikia fla fla fla fla kwa chini, na hapo ujue imeshalala. Gari za siku hizi stelingi ni laini sana, mtu anaweza kwenda kilomita kadhaa hajui mpaka bodaboda ampungie mkono.

Mkia unacheza

Ukikata kona kidogo tu unahisi nyuma inachelewa kufuata, kama gari inaelea. Hiyo ni tairi ya nyuma, na ndo inayodanganya zaidi kwa sababu stelingi haikwambii chochote. Kwenye Noah iliyojaa abiria na magunia ya mchele kutoka Magu unaweza ukadhani ni uzito. Punguza mwendo, washa hazadi, shuka uangalie. Kuangalia hakulipiwi.

Mlio mkubwa, paa!

Tairi imepasuka. Hapa mguu ndo unaokuponza, kila mtu anataka kukanyaga breki. Usikanyage. Ukibana breki uzito wote unaenda mbele, na kama iliyopasuka ni ya mbele gari itageukia upande huo kwa nguvu ambayo mikono yako haiwezi kuizuia. Shika stelingi kwa mikono miwili, iende mbele tu, toa mguu kwenye mafuta taratibu, iache ipungue yenyewe, ikishakuwa polepole ndo unaweka indiketa ya kushoto na kutoka barabarani, breki unaigusa mwishoni kabisa.

Chanzo chake watu wengi hapa wanakielewa kinyume. Utasikia mtu anamwambia fundi, punguza upepo jua kali leo tairi zitapasuka. Tairi yenye upepo mdogo ndo inayopasuka, kwa sababu ubavu wake unajikunja na kunyooka kila ikizunguka, unapata moto ndani, nyuzi zinaachia, ongeza mzigo, ongeza spidi 110 ile barabara iliyonyooka ya Misungwi kwenda Shinyanga, imeisha. Pima upepo tairi zikiwa baridi, asubuhi kabla ya safari, halafu acha hivyo hivyo. Ukipima tairi ikiwa ya moto namba itapanda yenyewe, ni kawaida, usitoe.

Kiwango kiko kwenye stika, ukifungua mlango wa dereva utaiona kwenye nguzo. Gari za Japani wanaandika kPa au kile kipimo cha kilo, kwa hiyo 220 au 2.2 sio makosa ya uchapaji, ni kama 32 kwa kile kipimo cha psi ambacho fundi wako anakitumia. 240 ni kama 35.

Umesimama, lakini je hapo panafaa?

Tunaendesha kushoto, kwa hiyo tairi za kulia ndo zinaelekea magari. Ikiisha ya kulia nyuma na wewe umesimama nusu lami nusu udongo, maana yake utachuchumaa huku mgongo umeupa malori yanayotoka Sirari na mabasi ambayo hayana habari na wewe. Sogea. Hata kama tairi imelala, tembeza gari kwa mwendo wa miguu mpaka upate sehemu pana, ngumu, iliyonyooka, unakoonekana kutoka mbali pande zote. Tairi itakatika, ndio, na rimu inaweza ikapata mkwaruzo. Poa tu.

Usibadilishie kwenye kona, usibadilishie mara tu baada ya kupanda kilima ambapo anayekuja nyuma hakuoni mpaka akufikie. Daraja la JPM pale Kigongo–Busisi nalo, tangu lifunguliwe Juni 2025 watu wanalipita bila kusimama, zile foleni za kivuko hazipo tena, sasa tairi ikianza kulegea ukiwa hujaingia darajani usijipe moyo kwamba utamalizia ng'ambo, ni kilomita 3 hizo. Simama kabla, upande ulioko, badilisha, ndo uvuke.

Usiku ni hesabu nyingine. Kama kuna sheli yenye taa mbele, nenda mpaka sheli hata kwa kujikokota. Na ukitoka Lamadi kwenda Bunda kumbuka kulia kwako ni Serengeti, kwa hiyo kabla hujapiga magoti kwenye majani piga tochi kwanza, na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia tu.

Ukishapata mahali: hazadi, handibreki, gia, zima gari. Abiria wote washuke upande wa kushoto wakae mbali na lami, sio wakae nyuma ya gari wanachati, na mtoto asibaki ndani kwa sababu amelala. Traiango, ile pembetatu nyekundu ya kuonya, iweke nyuma, hatua 50 kwa uchache, na barabara kuu weka zaidi ya hapo, ikiwa kuna kona iweke kabla ya kona. Huna traiango? Fanya kama wanavyofanya madereva wa malori, kata matawi mabichi uyaweke barabarani kwa mistari, kila mtu anaelewa. Ila ukimaliza yatoe! Kuna watu wanaondoka wanaacha matawi na mawe katikati ya lami, usiku mtu wa pikipiki anakuja anayapanda.

Jeki inazama

Udongo mweusi wa huku, kipande cha Misungwi na Mabuki hasa mvua ikinyesha, hauna urafiki na jeki. Unazungusha, unazungusha, gari haipandi, ukichungulia jeki ndo inashuka. Mchanga wa kando ya ziwa nao hivyo hivyo. Suluhisho ni kipande cha ubao, upana wa sm 30 kwa 30 na unene wa kama sm 3, kinakaa kwenye buti pembeni ya spea, hakisumbui mtu. Jiwe bapa usiweke chini ya jeki, linaweza kupasuka au kuteleza, jiwe kazi yake iko kwingine.

Jeki inakunja bati

Umeiweka pasipo pake. Chungulia chini ya mlango, kuna ule ukingo wa chuma unaoshuka chini, una alama mbili za kukatwa karibu na kila tairi, jeki inakaa katikati ya hizo alama. Ukiiweka kwenye plastiki ya pembeni itavunjika, ukiiweka chini ya sakafu itatoboa.

Gari inasogea ikiwa juu

Hii ndo mbaya kuliko zote, na chanzo chake mara nyingi ni imani ya kwamba ukishaweka P au gia imetosha. Haijatosha. Chukua Haisi au pikapu inayosukumwa na tairi za nyuma: ukiinua tairi moja ya nyuma, ile gia haishiki kitu tena, kwa sababu difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, inaruhusu tairi iliyo juu izunguke bure na iliyo chini nayo itembee. Kinachobaki ni handibreki, na sote tunazijua handibreki za huku, mtu anaivuta mpaka juu na gari bado inashuka kilima cha Bugando. IST na gari nyingine ndogo ni vilevile ila mbele, ukiinua ya mbele P inakosa nguvu, handibreki ya nyuma ndo inabeba gari zima.

Kwa hiyo jiwe. Tuko Mwanza, mji wa mawe, usiniambie umekosa jiwe. Weka kwenye tairi ya kona ya mkabala na ile unayoinua, yaani ukiinua mbele kushoto, jiwe liende nyuma kulia, mbele na nyuma ya tairi, uyapige teke yakae vizuri. Mitaa ya mlimani, Isamilo, Mabatini juu kule, hata mawe usiyaamini sana, shusha gari mpaka kwenye tambarare.

Na gari ikiwa juu hakuna kiungo chako kinachoingia chini yake. Mkono, mguu, kichwa cha kuchungulia, hapana. Ile spea ambayo hujaifunga ilaze chini ya ukingo wa gari pembeni ya jeki, gari ikianguka itaangukia rimu. Ukitoa tairi mbovu unabadilishana, mbovu inaingia pale, spea inatoka.

Nati hazilegei

Kwanza, gari iko chini au juu? Nati zinalegezwa tairi ikiwa imekanyaga ardhi, nusu mzunguko tu kila moja, halafu ndo jeki. Ukishainua ndo unaanza kung'ang'ana na spana tairi inazunguka na gari inatikisika juu ya jeki, unatafuta msiba.

Pili, unazungusha upande gani? Kushoto, kinyume na saa. Usicheke, mtu akiwa na haraka na giza anakaza kwa dakika kumi.

Tatu, saizi ya spana. Toyota nyingi ni 21, Honda na Subaru ni 19. Ukiazima spana kwa msamaria usilazimishe iliyolegea, itakula kona za nati na hapo hata fundi atakuwa na kazi ya nusu siku.

Nne, na hii ndo sababu namba moja: nati zilikazwa na ile mashine ya upepo, kijana wa tairi akaishikilia trrrrrr mpaka akaridhika. Toyota ndogo inataka nati ikazwe kwa kama Nm 103, ambayo kwa spana ya kawaida yenye urefu wa sm 30 ni kuikandamiza kwa nguvu ya kama kilo 35 mwishoni pale. Mtu wa kilo 80 akipanda juu ya hiyo spana anaweka zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndo maana kukaza kwa kuruka ruka ni kujitafutia stadi (ile bolti inayoshika nati) iliyokatika. Kulegeza ni tofauti, hapo uzito ni ruksa, weka spana ilale upande wa kushoto ikiwa mlalo, iingie mpaka mwisho, shika gari kwa mikono, kandamiza kwa mguu taratibu bila kurukia. Bomba la chuma la mita moja ukilichomeka kwenye spana linafanya kazi hiyo bila jasho.

Tano, angalia kama kuna nati moja ambayo uso wake ni tofauti na wenzake. Hiyo ni ya loki, ina kichwa chake maalumu, kwa kawaida kiko kwenye droo ya mbele au ndani ya mfuko wa jeki. Mwenye gari aliyeuza bila kukupa hicho kichwa amekuuzia tatizo, na unaligundua saa tatu usiku.

Nati zote zimetoka ila tairi haitoki

Imeganda kwenye habu, kile chuma ambacho rimu inafungwa juu yake, kwa kutu, hasa rimu ambazo hazijafunguliwa muda mrefu. Usivute kwa nguvu ukiwa umeikumbatia, jeki itaachia. Rudisha nati zote kwa mkono, ziache zimelegea kama mizunguko miwili, shusha gari mpaka ikanyage, isukumesukume kwa pembeni kwenye bodi, utasikia tak. Imeachia. Inua upya utoe. Ikigoma, gari ikiwa imekanyaga na nati zikiwa bado zimelegea hivyo hivyo, piga mpira kwa kisigino, chini kushoto, chini kulia.

Spea nayo haina upepo

Hii imewaacha watu njiani kuliko misumari. IST ya 2004 inakuja na spea yake ya kiwandani ya 2004. Ukiifungua inapendeza, nyeusi tii, zile nywele za mpira bado zimesimama, haijawahi kugusa lami, mwenye gari anajisifu kabisa kwamba spea yake mpya. Ni mpira wa zaidi ya miaka 20 huo. Soma ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake namba nne, 2304 maana yake wiki ya 23 mwaka 2004. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni ukiibonyeza, hiyo ikufikishe kwa fundi wa karibu na isiende zaidi.

Halafu kuna ile spea nyembamba ya rangi rangi, wengi wanaiita ya baiskeli. Hiyo upepo wake ni mkubwa, 420 kPa, yaani kama psi 60, imeandikwa pale pale ubavuni, na watu wanaijaza 30 kama tairi nyingine halafu wanashangaa imelala. Mwisho wake ni spidi 80. Na kama gari inavutwa na tairi za mbele na pancha ni ya mbele, kazi sahihi ni kuhamisha tairi nzima ya nyuma ije mbele na hiyo nyembamba iende nyuma. Najua hakuna anayependa kupiga jeki mara mbili, ila ukiwa na safari ya mpaka Geita fanya, kama ni kutoka Buhongwa mpaka Mkolani kwa fundi, sawa, jikokote nayo polepole.

Haisi na pikapu spea inaning'inia chini kwa nyuma, inashushwa kwa fimbo ya kuzungusha. Ule mnyororo unashika kutu na tope ukiuacha mwaka mzima. Shusha upandishe mara moja moja ukiwa nyumbani, na uhakikishe ipo, maana spea za chini zina wapenzi wengi.

Gari nyingine za karibuni hazina spea kabisa, kuna pampu ya umeme na chupa ya dawa. Dawa inasaidia tundu la msumari kwenye uso wa tairi. Ubavu ukichanika na jiwe usipoteze chupa, piga simu mtu akuletee tairi.

Umefunga, umeondoka, gari inatetemeka au inagonga

Mtetemo unaoanza hapo hapo mara nyingi ni tope au kutu iliyobaki kati ya rimu na habu, au nati zimekazwa kwa kuzunguka duara badala ya mkabala kwa mkabala. Simama tena, legeza, futa kwa kitambaa, anza kwa mkono mpaka zishike, upande wa koni wa nati uelekee kwenye rimu, kaza kidogo, ukitoka nati moja nenda ya mkabala wake, shusha gari, ndo umalizie kukaza tairi ikiwa chini. Kama una rimu za sport za kununua zenye nati zake nyembamba ndefu, zijaribu kwenye spea ya chuma siku moja nyumbani, nyingine hazikai vizuri.

Mlio wa kok kok unaoongezeka na spidi: nati zimelegea. Usisubiri kituo, simama sasa hivi. Na hata bila mlio, ukishaenda kama kilomita 50 kaza tena.

Umeziba, kesho imelala tena

Mama mmoja alikuwa kwa fundi pale Igoma analalamika msumari umetolewa, pancha imezibwa, na kila asubuhi tairi iko chini. Fundi hakubishana, akachovya kidole kwenye maji ya sabuni akaweka juu ya valvu. Likaota povu dogo, likakua taratibu mpaka likapasuka. "Mama, msumari ulikuwa wako kweli, ila hii ni valvu." Akatoa kile kisindano cha ndani, akaweka kingine, ikawa imeisha. Kwa hiyo kabla tairi haijavuliwa omba maji ya sabuni kwenye valvu kwanza, halafu pale mpira unapokutana na rimu, mwisho ndo kwenye uso.

Povu likitoka mzunguko wa rimu, chanzo ni kutu au rimu iliyopinda kwa shimo, tairi itolewe, ukingo usuguliwe mpaka uwe safi. Miba ya njia za vijijini Kwimba huko inaingia ikakatikia ndani, haionekani kwa nje, inatoboa tena hata baada ya kuziba, kwa hiyo fundi apapase ndani ya tairi yote kwa kitambaa sio kwa vidole. Na ukiona nundu ubavuni, nyuzi za ndani zimeshakatika, hakuna kiraka cha hiyo. Fundi akikwambia ataweka tyubu ndani utembelee tu, mshukuru, chukua rimu yako ukatafute tairi nyingine. Spea mwachie hapo hapo aijaze kabla hajazima kompresa.